Jipu za Tchomia: freni za diski nusunusu ni hatari kuliko tamburi nzima

Barabara ya Bunia kwenda Tchomia haimhurumii mtu mwenye freni mbovu. Bunia iko kwenye urefu wa zaidi ya mita 1200, na ziwa Albert liko karibu mita 620. Ukishapita Bogoro, mteremko unakushusha mpaka Kasenyi. Gari ya tani 3 ikishuka mita 600, uzito wake unatoa joto la kutosha kuchemsha lita 50 za maji baridi, yaani bidoni mbili na nusu za lita 20. Ukishuka kwa vitesi vidogo, motere inabeba sehemu ya kazi hiyo. Joto lote linalobaki linaingia kwenye freni.

Ndiyo sababu wenye jipu za zamani zenye tamburi wanataka kuweka diski, na mimi nawaunga mkono. Tamburi inafungia joto ndani. Ikishika moto sana inatanuka na kuwa mbali na garnitiri, na shofere anaona pedali inashuka bila gari kusimama. Ukivuka mto, maji na matope yanabaki humo ndani. Diski iko wazi, inapigwa na upepo na inatupa maji haraka.

Ninachopinga ni kununua diski na etriye za mbele tu, kuzifunga, halafu kupakia watu. Freni ni mwili mmoja. Tamburi inajisaidia yenyewe, kwa sababu gurudumu likizunguka linavuta garnitiri na kuibana zaidi. Diski haina msaada huo, inahitaji nguvu kubwa zaidi kutoka mguuni. Jipu isiyo na servofreni ikiwekewa diski, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo servofreni inunuliwe pamoja na diski.

Halafu kuna metresilinda, ile pompi inayosukuma mafuta ya freni. Pistoni za etriye ni pana na zinataka mafuta mengi. Metresilinda ndogo itafanya pedali iende chini mpaka sakafuni. Ile iliyo kubwa kupita kiasi itafanya pedali iwe ngumu. Tena, metresilinda nyingi za tamburi zina valvu ndogo inayobakiza presha ndani ya mpira. Ikiachwa kwenye njia ya diski, plaketi zitaendelea kugusa diski hata shofere akiachilia pedali, na freni itachemka kabla mteremko haujaanza.

Nyuma pia kuna kazi. Freni za nyuma zikiwa kali kuliko za mbele, gari tupu itafunga magurudumu ya nyuma na kwenda upande kwenye matope. Valvu ya kugawanya nguvu inapaswa kulingana na vipande vipya. Tena ukitoa tamburi za nyuma, kwenye gari nyingi umetoa pia freni ya mkono. Ni lazima nyingine iwekwe. Land Rover za zamani zina bahati hapo, kwa kuwa freni yao ya mkono inashika nyuma ya bwati ya vitesi.

Ushauri wangu kwa mwenye gari ni huu: tafuta vipande vyote kutoka gari moja ya aina ile ile ya miaka ya baadaye. Diski, etriye, moyeu, metresilinda na servofreni viwe vilitengenezwa kufanya kazi pamoja. Soma unene wa mwisho ulioandikwa kwenye diski, na kama imeshuka chini ya hapo, iache sokoni. Jaribu kama janti inaingia bila kugusa etriye. Mipira iwe mirefu ya kutosha gurudumu likining'inia shimoni. Tundu la kutolea hewa liwe juu ya etriye. Likikaa chini, fundi amebadilisha kushoto na kulia, na hewa haitatoka kamwe.

Mafuta nayo yasidharauliwe. DOT 3 mpya inachemka kuanzia digrii 205, DOT 4 kuanzia 230. Yakinywa unyevu wa hewa, yanaweza kushuka hadi 140 na 155. Chupa iliyokaa wazi garajini miezi mingi isitumiwe. Mafuta ya motere yasiwekwe humo hata tone, kwa sababu yanaharibu mipira yote.

Wengine watauliza: pesa zote hizo zitatoka wapi? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kama pesa haitoshi kwa kazi nzima, bakia na tamburi. Weka garnitiri mpya, rekebisha vizuri, badilisha mafuta, na shuka kwa kitesi kidogo. Tamburi nzima inashinda diski za nusu kazi.

Wanaopanda jipu hizo ni akina mama wanaokwenda kununua samaki, wanafunzi na wagonjwa. Hakuna kati yao anayeweza kuinama chini ya gari kuangalia metresilinda. Kwa hiyo mwenye gari aliyebadilisha freni aijaribu kwanza ikiwa na mizigo ya mchanga, bila abiria. Na shofere anayesema "pedali haiko sawa" asitishiwe kufukuzwa kazi. Asikilizwe, na gari ibaki garajini siku hiyo.