Donda lisilopona, na kazi iliyorudi nyumbani

Tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari, habari za afya katika majimbo yetu zimekuwa habari za risasi na mabomu. Ni haki iwe hivyo. Hospitali ya CBCA Ndosho, ya ndugu zetu Wabatisti, ilipokea majeruhi kupita vitanda vyake. Lakini kuna vidonda vingine ambavyo redio haivitaji: titi la mama lililofunguka kwa kansa, mgongo wa mzee aliyelala miezi bila kugeuzwa, mguu wa mwenye ugonjwa wa sukari. Wagonjwa hawa wameambiwa warudi nyumbani. Wengine hawakufika hospitali hata mara moja.

Sababu tunazijua. Kitanda kinapewa kwanza yule ambaye upasuaji utamwokoa, na hatuwezi kuwalaumu waganga kwa hilo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki yakafunga milango, na jamaa waliokuwa na akiba kidogo wakashindwa kuitoa. Mwezi uleule wa Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 2025 shirika la USAID likafungwa. Basi kazi iliyokuwa ya muuguzi imeangukia binti wa nyumbani, mara nyingi msichana ambaye hajawahi kufunga kidonda.

Binti huyo anafanya anachokijua: anasugua. Anamwaga spiriti, anavuta kitambaa kilichokauka na nyama inatoka nacho, mgonjwa analia. Anaamini kwamba maumivu ni dalili ya dawa kufanya kazi. Kwa kidonda kitakachopona, tunaweza kuvumilia mengi. Kwa donda la mtu anayekaribia mwisho wa safari, swali ni lingine: je, leo atalala? Je, wajukuu wataweza kukaa karibu naye? Tunaona wengi katika makanisa yetu hawajatofautisha mambo haya mawili, hata baadhi ya wauguzi.

Harufu ndiyo inayofukuza watu. Tuseme ukweli: tunapomtembelea mgonjwa wa namna hii, tunaombea mlangoni, kwa haraka, na wiki inayofuata tunatuma salamu. Hapo ndipo anapopata nafasi nabii wa mtaani, anayesema donda linanuka kwa sababu kuna mchawi katika jamaa. Mwandishi wa Zaburi ya 38 alilalamika juu ya majeraha yake yanayonuka na rafiki zake wanaosimama mbali, na hakumtaja mchawi yeyote.

Harufu hiyo inaletwa hasa na vijidudu vinavyoishi ndani ya nyama iliyokufa, mahali pasipo hewa. Dawa yake iko karibu katika kila farmasi: vidonge vya metronidazoli, vilevile tunavyomeza kwa amiba. Vinasagwa kuwa unga laini na kunyunyizwa juu ya donda kila linapobadilishwa kitambaa. Muuguzi wa kituo cha afya aelekeze kiasi. Mara nyingi baada ya siku chache nyumba inakuwa nyingine. Sahani ya makala chini ya kitanda nayo inasaidia kunyonya harufu, nayo haina gharama.

Mengine ni ya jikoni. Maji yachemshwe, yapoe, yatiwe kijiko kidogo cha chumvi kwa nusu lita. Kitambaa kilichoshikamana kilowanishwe kwa maji hayo mpaka kiachie chenyewe, kisivutwe. Vikwembe vya pamba vilivyochakaa, vikifuliwa, vikichemshwa na kukaushwa juani, vinatosha badala ya kompresi za dukani. Donda linalotoa damu liwekewe kitambaa cha rangi nyeusi au nyekundu, kikandamizwe polepole. Wekundu juu ya shuka nyeupe unatisha mgonjwa kuliko damu yenyewe. Anayelala ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na visigino vyake visiguse godoro. Akiwa katika siku za mwisho na kugeuzwa kunamtesa, basi apunguziwe.

Na apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kuguswa. Hapa ndipo tatizo kubwa liko, na si la jikoni tena. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani karibu 300 za dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zote pamoja zinapata tani 0.1 tu. Hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano wa kurekebisha jambo hili. Uganda, ng'ambo ya Bunagana na Kasindi, Hospice Africa Uganda ilianza kazi mwaka 1993, na tangu 2004 sheria ya huko inaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini. Ni maji ya kunywa, hutengenezwa hukohuko, na mgonjwa hapewi bili. Hofu kwamba mgonjwa wa kansa atageuka mlevi wa dawa haikuwazuia.

Kwa upande wetu, jumuiya za ECC zina hospitali, vituo vya afya na shule za wauguzi. Zinaweza kuingiza huduma hii katika masomo bila kungoja vita viishe, na viongozi wao wanaweza kudai mofini kwa sauti moja mbele ya wenye mamlaka ya afya, hata kama siku hizi mamlaka hizo ni zaidi ya moja. Parokia haina uwezo huo, lakini ina mashemasi na kikundi cha wamama. Sanduku la diakonia linalonunua sanda linaweza pia kununua sabuni, glavu na metronidazoli mtu angali hai. Wamama wawili waliofundishwa na muuguzi wanaweza kupokezana kwenye nyumba moja mara tatu kwa wiki, ili yule binti arudi shuleni siku hizo, au alale tu.