Likizo ya Kiangazi: Kutoka Ziwa Nzilo hadi Boma la Bunkeya

Likizo kubwa ya shule nchini Kongo huangukia kiangazi, wakati baridi ya asubuhi huuma katika nyanda za juu za Lualaba na barabara za udongo zimekauka, na huo ndio wakati unaomfaa mzazi wa Kolwezi kuwaonyesha watoto wake nchi yao, badala ya kuwaachia vumbi la machimbo, ambako watoto wengi hupeleka nguvu zao changa kutafuta karo.

Familia zenye nafasi huenda kwenye ziwa Nzilo, watoto wakaogelea, samaki wakachomwa, na jua likishuka wote wakarudi mjini. Matembezi hayo ni mema, lakini hayatoshi. Ziwa hilo limetokana na ukuta uliojengwa kuuziba mto Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, ili Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, ipate umeme wa mitambo yake. Kituo cha umeme cha Nzilo kiliitwa Delcommune, na kile cha Nseke, kilicho chini zaidi kwenye mto huohuo, kiliitwa Le Marinel. Na mtoto akiuliza watu wenye majina hayo walikuwa nani, mzazi asinyamaze, kwa kuwa jibu liko Bunkeya, katika eneo la Lubudi, ndani ya mkoa huohuo wa Lualaba.

Bunkeya ilikuwa makao makuu ya Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa shaba aliyetoka pande za Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, ambaye aliwaunganisha Wayeke, yaani wafuasi wake waliotoka huko, na wenyeji wa nchi, akatawala dola iliyoitwa Garenganze na kupeleka misafara hadi pwani ya Bahari ya Hindi na hadi Benguela, Angola. Mwaka 1891 Le Marinel alifika mwezi wa Aprili, Delcommune akafika Oktoba, wote wakitaka mtawala huyo aipokee bendera ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, naye akakataa. Ukaja msafara wa tatu, ulioongozwa na Stairs, na tarehe 20 Desemba Msiri akauawa kwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara huo, ambaye naye alikufa kwa majeraha ya siku hiyo.

Mzazi asimsimulie mtoto nusu ya habari. Msiri aliuza pembe za ndovu na shaba, lakini aliuza pia watumwa, na wageni waliofika kwake waliandika juu ya mafuvu ya vichwa yaliyotundikwa kwenye nguzo za boma, yaani ule ua wa miti uliozunguka makao yake. Ushujaa wake mbele ya Leopold haufuti machozi ya waliouzwa, na machozi hayo hayamhalalishii Leopold unyang'anyi wake. Kijana anayeweza kuyabeba mawili haya kwa pamoja amekwisha kukomaa.

Wala asiachwe akidhani kwamba shaba ilianza na Wazungu. Zamani sorghamu, ile nafaka ambayo wengine huiita mtama, ilipokwisha kuvunwa, mafundi walikwenda machimboni katika kiangazi hikihiki, wakakusanya mawe ya kijani yenye shaba, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza moto wa makaa kwa mivukuto ya ngozi, na shaba iliyoyeyuka wakaimimina katika umbo la msalaba, ambao ulitumika kama fedha mbali sana na hapa.

Gharama ya safari ni kikwazo cha kweli, hasa kwa mchimbaji wa mikono asiyejua atapata nini kesho. Lakini parokia, vyama vya akina mama na shule zinazokodi gari kwa sherehe zinaweza kukodi gari moja la Bunkeya, mradi zitume salamu mapema kwa Mwami, mtawala wa jadi wa ukoo wa Msiri, kwa kuwa makao yake bado yana mwenyewe, na mgeni hupokewa kwa idhini yake.