Kabla ya Kuhamisha Kaseti, Mtafuteni Fundi

Leo naweka kando habari za programu na simu mpya, tuzungumzie mashine ambayo wengi wenu mmeisahau juu ya kabati: redio kaseti. Najua mtauliza, kijana aliyesomea sayansi ya kompyuta ana shughuli gani na kaseti zama hizi? Shughuli ipo, na nitaisema mapema kwa ajili ya wasio na nafasi ya kusoma yote. Huku kwetu Kisii na Nyamira bado kuna sauti nyingi zilizolala ndani ya kaseti, na kitakachotunyima sauti hizo kwanza huenda kisiwe kuoza kwa utepe. Kitakuwa ni kukosa mashine nzima ya kuzicheza na fundi wa kuitengeneza.

Kila nikilitaja jambo hili jibu huwa ni lile lile: "Si uziweke tu kwenye kompyuta?" Sawa, lakini zitaingiaje? Kaseti haina faili la kunakili. Ina utepe wa plastiki wenye upana usiofika milimita 4, uliopakwa chembechembe za sumaku. Ili sauti itoke, utepe huo lazima upite mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, tena bila kuyumba. Hakuna programu itakayoifanya kazi hiyo. Sisi waandishi wa programu tunapenda kusema data ni mali, ila data isiyo na kisomaji ni plastiki tu.

KUNA NINI NDANI YA KASETI HIZO?

Nyimbo za Christopher Monyoncho hazinipi wasiwasi mkubwa. Ziliuzwa, zilisambaa, na leo zinasikika mtandaoni. Wasiwasi wangu ni kwa zile kaseti ambazo nakala yake ni moja tu duniani: sokoro, yaani babu, akipiga obokano jioni, hotuba ya mzee siku ya kutoa mahari, kwaya ya kanisa la kijijini ambayo waimbaji wake wengi wameshazikwa, mazishi yaliyorekodiwa na jamaa mmoja aliyekuwa na redio. Ndani yake kuna Ekegusii cha wazee, chenye maneno ambayo sisi tuliozaliwa miaka ya 1990 tunayasikia mara moja kwa mwaka, kama si kamwe.

Kuhusu obokano, kwa wasioijua, ni zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi 8 na sauti nzito inayonguruma. Vijana wanaojifunza kulipiga ni wachache. Kaseti moja ya mpigaji hodari ni darasa zima, maana mwanafunzi anaweza kurudia kipande kile kile mara hamsini na mwalimu asichoke.

Na msidhani sauti za zamani hazina wa kuzihitaji. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kenya na mitambo yake akawarekodi Wakipsigis, majirani zetu wa upande wa Sotik. Miongoni mwa nyimbo alizochukua ni ule wa "Chemirocha", jina lililotokana na mwanamuziki wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini kwa gramafoni. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika, ILAM, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo iko Afrika Kusini. Miaka ya 2010 nakala zilirudishwa Kenya, zikawafikia watu wa jamii ile ile iliyoziimba. Miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita! Hilo liliwezekana kwa sababu kuna watu waliozitunza rekodi pamoja na vyombo vya kuzisomea. Sisi kaseti zetu tumemwachia nani?

MASHINE INAKUFAJE?

Habari njema ni kwamba redio kaseti nyingi zinazoitwa mbovu hazijafa. Nimekaa sana kwenye vibanda vya mafundi, Keroka na mjini Kisii, na magonjwa niliyoyaona ni yale yale:

1. Belti. Huu ni ule mpira mwembamba unaopeleka nguvu ya mota kwenye magurudumu. Miaka ikipita hulegea, au huyeyuka ukawa kama lami. Ukilegea, mwendo unayumba. Mbaya zaidi, gurudumu la kukusanya utepe linaweza kusimama huku utepe ukiendelea kuvutwa. Hapo ndipo redio "inakula" kaseti.

2. Kigurudumu cha mpira kinachobana utepe. Hukauka, kikawa kigumu na kuteleza.

3. Hedi chafu. Vumbi la kahawia linalobanduka kwenye utepe hujikusanya hapo, sauti ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Pamba na spiriti safi vinatosha kuisafisha.

4. Hedi iliyopinda. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo ya kuinyoosha. Ikikaa pembeni hata kidogo, sauti nyembamba zote hupotea. Fundi mzuri huigeuza kwa bisibisi, taratibu, huku akisikiliza mpaka sauti ing'ae.

5. Kapasita zilizokauka na lehemu iliyopasuka. Hii ni kazi ya kawaida kwa yeyote anayetengeneza redio.

Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji kiwanda. Inahitajika mikono iliyozoea, na hapo ndipo penye hatari. Mafundi waliojifunza kazi hii enzi ambazo kila nyumba ilikuwa na kaseti sasa ni wazee. Wanafunzi wao wanabadilisha vioo vya simu, na siwalaumu, maana huko ndiko kwenye hela. Mzee mmoja aliniambia, "Kijana wangu, mashine hizi naziweza bado, lakini siku nikiacha, bisibisi hii haina mrithi."

Hali yetu ya hewa nayo haisaidii. Huku nyanda za juu mvua inazidi milimita 1,500 kwa mwaka, na unyevu huzaa ukungu juu ya utepe. Mchana bati linachoma, usiku baridi. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, usiicheze kaseti hiyo, kwa sababu utaipaka mashine ukungu na mashine itazipaka kaseti nyingine. Iweke peke yake, pakavu, mpaka apatikane mtu wa kuisafisha.

"DUKA LITANIHAMISHIA"

Kuna maduka yanayohamisha kaseti kwenda kwenye flashi. Kuna yanayofanya vizuri. Lakini mama mmoja jirani yetu, upande wa Nyamira, alipeleka kaseti yenye sauti ya marehemu mumewe akizungumza na watoto. Alirudishiwa flashi yenye faili la MP3. Mzee alikuwa anaongea haraka kama mtangazaji wa mpira, sauti imefunikwa, na kila alipopaza sauti ilikwaruza. Mama akaniletea niitengeneze.

Mwendo niliurekebisha kwa programu, hiyo ni kazi ya dakika tano. Lakini sauti nyembamba ambazo hedi haikuzisoma hazikuwemo kwenye faili. Na pale sauti ilipozidi kipimo wakati wa kurekodi, kilele cha wimbi kilikuwa kimekatwa. Nikamwambia, "Mama, nipe kaseti yenyewe, tuanze upya." Akajibu kwamba waliitupa huko huko dukani, kwa sababu "tayari iko kwenye kompyuta".

Hilo ndilo linaloniuma. Kuhamisha sauti si kama kunakili faili, ambapo nakala ni sawa na asili. Hapa nakala ni jinsi mashine ile ilivyosoma siku ile. Mashine mbovu hutoa nakala mbovu, na ubovu huo unakuwa wa kudumu. Kwa hiyo kwanza tengeneza mashine, kisha uhamishe, na kaseti USIITUPE.

Wapo watakaosema akili mnemba itasafisha kila kitu. Natumia vyombo hivyo kazini na ninaviheshimu. Kuondoa mvumo vinaweza. Lakini sauti ambayo haikusomwa, chombo hicho kinaikisia tu, tena kwa kufuata kilichofunzwa. Maandishi na sauti za Ekegusii mtandaoni ni haba, sasa kitakisia kwa lugha ya nani? Sitaki kumsikiliza babu aliyetungwa na mashine.

FANYENI HIVI

Kwanza, tafuteni redio kaseti ya zamani iliyo imara na muipeleke kwa fundi kabla ya kuingiza kaseti ya thamani. Ijaribuni kwa kaseti ambayo hata ikiliwa hakuna atakayelia. Vile vichezeo vipya vya bei rahisi vyenye waya wa USB mimi sivipendi kwa kazi hii, maana mitambo ya ndani ya vingi ni dhaifu na mwendo wake unayumba.

Pili, tumieni tundu la kutolea sauti, si kuweka simu mbele ya spika. Rekodini kwa biti 24 na angalau kHz 48. Saa moja ya stereo itachukua takriban GB 1, na ukitumia FLAC, ambayo haipotezi chochote, mara nyingi hupungua karibu nusu. Diski si ghali kiasi cha kutulazimisha MP3. Wekeni nakala mahali pawili tofauti.

Tatu, andikeni majina: nani anaongea, wapi, mwaka gani. Bibi anayezitambua sauti hizo leo hatakuwepo milele.

Mwaka 2019 shirika la IASA pamoja na programu ya UNESCO ya Habari kwa Wote walitoa tahadhari kwa wenye kanda za sumaku duniani, wakitaja mwaka 2025 kuwa ndio ambao wahifadhi wengi wanaamini kazi ya kuzihamisha inapaswa kuwa imekamilika, kwa sababu mashine na vipuri vinaisha. Mwaka huo tumeshaufikia. Mashine bado zinapatikana sokoni, lakini kila mwaka ni chache kuliko uliopita.

Ndiyo maana nasema kazi hii isiachiwe familia peke yake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti shughuli za utamaduni na maktaba. Kaunti ya Kisii na ya Nyamira hazihitaji jumba jipya wala aplikesheni ya mamilioni. Zinahitaji chumba kikavu kimoja kila moja, mashine mbili nzima, kompyuta ya kawaida, na fundi mmoja mzee anayelipwa kufundisha vijana wawili. Mwananchi alete kaseti yake, asubiri, aondoke na kaseti pamoja na nakala.

Wenzangu waandishi wa programu, tunashindana kutengeneza majukwaa ya kuhifadhi urithi, yenye rangi nzuri na yasiyo na kitu ndani. Pesa ya kununua jina la tovuti kwa mwaka mmoja inaweza kumpatia fundi belti kadhaa. Mimi ningeanzia hapo.

Haya, mwisho wa wiki huu fungueni makabati, mhesabu kaseti mlizo nazo, na muulize ni nani mtaani kwenu bado anaweza kuitengeneza redio kaseti. Mkimpata, msimwache akae bila kazi.