Wanaounda gemu za vita watuachie nafasi ya kulala

Nitaanza kwa kukiri kosa. Asubuhi moja mwaka jana nilikuwa nikiendesha tuktuk yangu kutoka Malindi kwenda Gede, nimembeba mama mmoja na mtoto wake mgonjwa. Ghafla nikasikia yule mama akipiga ukelele: "Kaka, wasinzia!" Nilipofumbua macho, gurudumu la mbele lilikuwa limekwisha kuacha lami na linaelekea mtaroni. Mungu alitusitiri. Tulipofika, yule mama alinipa nauli yangu yote bila kusema neno, nami nikaona haya kuipokea.

Usiku wake sikuwa nimekesha msibani, wala sikuwa nikiuguza mtu. Nilikuwa nikicheza Halo hadi alfajiri.

Kwa msomaji asiyeijua, Halo ni mchezo wa video wa kupigana kwa bunduki, uliojengwa juu ya hadithi ya kubuni ya kisayansi. Askari wa karne ya 26 aliyevaa deraya anapambana na viumbe waliotoka sayari nyingine. Ulitoka kwa mara ya kwanza huko Marekani Novemba 2001. Lakini wengi wetu hatuupendei kisa chake. Twaupendea mapambano ya wachezaji wenyewe kwa wenyewe: wanne kwa wanne, na upande unaotangulia kuangusha wapinzani mara 50 ndio mshindi. Katika toleo la 2021, Halo Infinite, sehemu hiyo ilitolewa bure, na mtu mwenye kompyuta nzuri na intaneti aweza kuicheza akiwa Maweni au Mtwapa.

Wazazi wengi wa huku pwani wakisikia kisa kama changu husema dawa ni moja tu, kung'oa nyaya na kuzitupa. Mimi sikubaliani nao. Kupenda mambo ya anga si wazimu. Hapo Ngomeni, kaskazini mwa mji wetu, setilaiti zilikuwa zikirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini kati ya mwaka wa 1967 na 1988. Moja yao, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya Wakenya. Kijana wa Malindi anayeota nyota ana sababu yake.

Aidha, yafaa ieleweke kwamba si kila anayecheza sana ni mgonjwa. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya maradhi, orodha iliyoidhinishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini dalili zake ni nzito: mtu hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya kila jambo, na huendelea hata anapoona unamdhuru. Kwa kawaida hali hiyo huwa imeendelea kwa muda wa miezi 12. Wengi wetu hatujafika huko. Letu ni usingizi, macho na masikio, na haya yaweza kupunguzwa na wale wanaoiunda michezo yenyewe.

Kwa nini mchezaji wa Kilifi hukesha? Tazama saa. Ili mapambano yajae watu, lazima uwasubiri wenzako wa ng'ambo watoke kazini na shuleni. Saa mbili usiku ya London huku kwetu ni saa nne au saa tano. Saa mbili usiku ya New York huku ni saa tisa au saa kumi za alfajiri, wakati muadhini anakaribia kuamka. Mmarekani anacheza baada ya chakula cha jioni; wewe unacheza wakati mwili wako unapotaka kupumzika.

Tena kuna umbali. Ishara katika nyaya za chini ya bahari husafiri takriban kilomita 200 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikiwa seva iko Ulaya, mwendo wa waya wa kilomita 10,000 hivi, kwenda na kurudi hula sehemu ya kumi ya sekunde hata kabla ya ucheleweshaji mwingine. Wewe unafyatua, kumbe mwenzako aliye karibu na seva amekwisha kukupiga. Ukishindwa hivyo mara tano unapandwa na hasira, na mwenye hasira halali. Husema, "Moja tu ya mwisho." Ya mwisho yangu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na saa moja nikawa barabarani. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kila usiku, na kijana wa sekondari saa nane hadi kumi.

Kwa hivyo nina mapendekezo manne kwa wanaounda Halo ijayo na michezo mingine ya aina yake.

Kwanza, mchezaji akutanishwe na walio katika saa zake. Wapo vijana Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Johannesburg walio macho saa moja jioni kama sisi. Nafasi zikibaki, zijazwe na wachezaji wa kompyuta, ambao Halo Infinite tayari inao. Heri kumpiga roboti saa mbili usiku kuliko kumsubiri Mmarekani hadi saa tisa.

Pili, kucheza bega kwa bega kurejeshwe kikamilifu. Halo ya kwanza iliruhusu watu wanne kugawana kioo kimoja cha televisheni, na mashine nne zikiunganishwa kwa waya, watu 16 walicheza pamoja. Halo 5 ya mwaka wa 2015 ilitoka bila kioo cha kugawana, na mashabiki wakalalamika. Halo Infinite iliirudisha katika mapambano kwa wenye mashine za Xbox, lakini toleo la kompyuta likatoka bila hiyo. Hili ni jambo la afya pia. Katika banda la gemu mtu hungoja zamu yake, na akingoja husimama, hunywa maji, hununua viazi karai, hutaniana na wenzake. Ikifika saa ya kufunga, mwenye banda huzima taa. Mtu aliye peke yake chumbani hana wa kumzimia taa.

Tatu, mchezo wenyewe ujue kunyamaza. Katika michezo mingi ya aina hii, pambano likiisha jingine huitwa lenyewe. Iwe kinyume chake: baada ya mapambano mawili, ambayo ni kama dakika 20, kioo kiwe cheusi kwa sekunde 20 na maandishi yamwambie mchezaji atazame kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi. Ushauri huo wa dakika 20 kwa sekunde 20 ndio unaotolewa na wataalamu wa macho, kwa kuwa anayekodolea kioo hupepesa kope mara chache na macho hukauka. Na zawadi za kila wiki zisimwadhibu aliyekwenda kulala. Halo Infinite ilitoka na pasi za zawadi zisizokwisha muda, na hilo nalipongeza. Desturi hiyo ienee kwa kila zawadi.

Nne, sauti. Milio ya bunduki na mabomu tunaisikiliza kwa vipokea sauti vilivyobana masikio. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu kwa wiki nzima. Mchezo uanze na sauti ya chini, na anayeipandisha aonyeshwe onyo kwa maandishi.

Yupo atakayeuliza, ni nani huko Marekani atakayemsikiliza dereva wa tuktuk wa Malindi? Nami nasema wakati wa kusema ni huu. Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Halo ya kwanza imeundwa upya na kwamba kwa mara ya kwanza itachezwa pia kwenye PlayStation 5, katika mwaka wa 2026. Mashine za PlayStation ndizo zilizojaa katika mabanda yetu. Toleo hilo lilitangazwa bila mapambano ya wachezaji kwa wachezaji, kwa hiyo mapambano yatakayofuata bado yaweza kupangwa vizuri kabla hayajawafikia vijana wetu.

Sisemi kwamba kosa la siku ile lilikuwa la mwingine. Mwenye usukani nilikuwa mimi. Siku hizi kompyuta nimeihamishia sebuleni, na mke wangu ana ruhusa ya kuizima ikifika saa nne, hata kama tumebakiza pointi moja kushinda. Ameshaizima mara tatu na nimenuna mara tatu. Lakini kila asubuhi hupanda tuktuk nikiwa macho. Na yule mama wa Gede, nikikutana naye tena, safari hiyo ni bure.