Neno Lako Limfikie Mwenye Tanuri

Liko jambo linalofanyika karibu kila asubuhi katika migahawa yetu ya Mwandiga, na kwa kuwa linaonekana dogo, hakuna anayelikemea. Mtu anaingia, anaagiza chai na andazi, au slesi mbili za mkate uliookwa pale pale uani. Anakula nusu, nusu anaiacha. Analipa, anashukuru, anaaga vizuri. Akifika kijiweni anasema, "Pale siku hizi hapaliki." Mtaa mzima utaambiwa, isipokuwa mwenye mgahawa. Nasema bila kuficha kwamba tabia hii ni mbaya. Inawavunja watu wanaojitafutia riziki ya halali, na wa kuiacha ni sisi wateja.

Nilimwona mzee mmoja, mtu wa heshima zake, ameketi kwenye benchi la mgahawa mmoja saa moja ya asubuhi. Andazi aliloletewa lilikuwa limekaangwa katika mafuta yaliyokaangia migebuka usiku uliopita, na harufu ilifika mezani kabla ya sahani. Alilivunja, akalinusa, akameza kipande kimoja kwa chai, kisha kilichobaki akakisogeza nyuma ya kikombe kisionekane. Binti wa kuhudumu akamwuliza, "Babu, nikuongezee jingine?" Mzee akajibu, "Nimeshiba, mjukuu wangu. Mungu awabariki." Hakuwa amefika hata barabarani alipokutana na mwenzake akamweleza habari yote, kwa sauti, na kumshauri asiingie. Jikoni, mafuta yale yale yaliendelea kuchemka, na maandazi mengine yakatumbukizwa.

Yule mzee hakuwa na nia mbaya. Aliona haya. Lakini tujiulize, haya hiyo huwa wapi tunaposhuka mwaloni? Nendeni Kibirizi mkamtazame mtu wa Kigoma anaponunua samaki. Anafunua mashavu ya samaki aone kama bado ni mekundu. Anabonyeza tumbo. Kwenye dagaa wakavu anachota konzi, anatafuna mmoja asikilize mchanga menoni, na akiusikia anamwambia mwenye mzigo pale pale, "Hawa umewaanika chini, bwana, si kwenye chanja." Muuzaji hakasiriki. Anapunguza bei, au anamwonyesha fungu jingine. Wala si mazoea ya leo. Soko la Ujiji lilikuwa mashuhuri karne ya 19 hata likawa na fedha yake, shanga zilizoitwa sofi, zilizotungwa na kuhesabiwa kati ya mwuzaji na mnunuzi. Watu wa mwambao huu wamelelewa katika kusemezana juu ya bidhaa. Mtu huyo huyo aliyemkabili mvuvi alfajiri, saa moja baadaye anameza mkate uliochacha na kusema ahsante.

Najua jibu litakalotolewa. Mvuvi wa Kibirizi ni mtu wa mbali, lakini mwenye mgahawa ni jirani. Watoto wetu wanasoma pamoja, tumezikana, tumealikana harusini. Ukimwambia mkate wake mbaya, atasema unamwonea wivu, au unajifanya mtu wa mjini. Hoja hii ina uzito, maana ujirani ni mali kubwa na haufai kuchezewa. Lakini ifuateni mpaka mwisho wake. Huyo jirani mnayemstahi amekopa mtaji, ananunua unga kwa mfuko, anaamka usiku wa manane kuwasha kuni. Wateja wanapungua naye hajui kwa nini. Anadhani ni msimu. Anadhani amerogwa. Anapunguza unga, anapunguza hamira, mkate unazidi kuharibika, na siku moja mlango haufunguliwi. Hapo ndipo majirani wanapokwenda kumpa pole. Kama tulimpenda kiasi cha kuogopa kumuudhi, mbona hatukumpenda kiasi cha kumwokoa?

Na kwetu Mwandiga jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Hapa ndipo inapoanzia barabara ya Manyovu, lami ya kilomita 60 hivi inayokwenda hadi mpakani mwa Burundi. Abiria wanashuka, wanakula, wanaondoka. Abiria akila vibaya, malalamiko yake yanapanda gari pamoja naye, yakashukie Kalinzi au Manyovu. Hawezi kurudi kesho kumwambia mwenye mgahawa kwamba jana chumvi ilizidi. Anayeweza kurudi kesho ni wewe unayekaa hapa. Kwa hiyo jina la mji wetu kwa wapita njia liko mikononi mwa wakazi wanaokubali kusema.

Nikiwa katika kusema kweli, niliguse na daftari. Kila mgahawa wa mtaa una daftari la madeni, na ndani yake mna majina ya watu wanaoheshimika. Kukopa si dhambi. Mwisho wa mwezi ni mrefu kwa kila mtu. Ubaya ni ule wa kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu akishafikisha deni la wiki tatu anabadili njia, anapita nyuma ya msikiti asionekane, chai ya asubuhi anaihamishia mgahawa mwingine, na huko nako anafungua ukurasa mpya. Hebu tazameni jinsi deni na ukimya vinavyoshikana. Mdaiwa hana mdomo wa kusema kwamba andazi linanuka, maana akiinua sauti ataulizwa fedha. Na mwenye mgahawa, fedha zake zikiwa zimelala daftarini, hana za kununulia mafuta mapya. Atakaangia yale ya jana. Wengi tunaolalamikia mafuta yale, bei yake tumeikalia sisi wenyewe.

Wako watakaosema kazi ya kukagua chakula ni ya serikali. Ni kweli sheria zipo. Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu 1975, na mwaka 2019 lilikabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula uliokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Wakala wa Vipimo upo, Tume ya Ushindani ipo, na afisa afya anapita. Lakini afisa hawezi kuonja kila andazi la kila alfajiri. Anakuta sakafu imedekiwa na ndoo ya kunawia imejazwa, kwa kuwa habari za kuja kwake zimemtangulia. Anayeiona ndoo tupu siku za kawaida ni mteja. Na hapo sitaki hata kusikia neno "haya". Mei 2015, kipindupindu kilipolipuka Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichokuwa kimejaa wakimbizi wa Burundi, mkoa wetu ulizika watu. Mkono usionawa ukishika mkate, anayenyamaza anawanyamazia na watoto wa wenzake.

Kusema, hata hivyo, si kufoka. Tunao wateja wa aina ya pili, wachache lakini wana sauti, ambao mkate ukiwa mgumu wanamgombeza binti anayehudumu mbele ya watu. Binti yule hakukanda unga wala hakuwasha tanuri, na pengine mshahara wake wa mwezi huu haujatoka. Kumdhalilisha ni uonevu, na neno lenyewe halimfiki mhusika, kwa sababu binti hatathubutu kulipeleka. Mwulize kwa upole, "Mama yupo?" Mfuate mama huko jikoni au umsubiri atoke. Mwambie jambo moja, lililo bayana, na bakio la andazi likiwa mkononi: "Mama, hili lina harufu ya samaki, nadhani mafuta yamechanganyika." Hapo amepata la kurekebisha. Lakini ukimwambia "chakula chenu kibovu", umempa hasira tu, na hasira haibadilishi mafuta.

Wenye migahawa nao wasidhani nimewasahau. Bei ya ngano ilipopanda mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, waokaji wengi waliona vigumu kupandisha bei, maana ngano nyingi tunayokula nchini hutoka nje na mteja haelewi vita vya mbali vinahusianaje na chai yake. Badala ya kupandisha bei wakapunguza andazi. Bei ikabaki ile ile, andazi likawa la kumezwa mara mbili. Mteja aliona, ingawa hakusema, na tangu siku hiyo akaanza kutazama kila kitu cha duka lile kwa shaka. Ingekuwa heri mara kumi kubandika karatasi ukutani: unga umepanda, andazi limeongezeka shilingi kadhaa, samahanini. Vivyo hivyo mkate wa jana. Uuzwe kama mkate wa jana, kwa bei ya mkate wa jana, na maskini atashukuru. Ukipashwa moto na kuitwa wa leo, huo ni uongo, na ulimi wa mteja utaujua kabla hajamaliza slesi ya kwanza.

Tena kusema si kwa ajili ya kasoro tu. Milima ya Kalinzi, Matyazo na Manyovu inatoa kahawa ya arabika, na magunia yake hupita hapa hapa mbele ya vibaraza vyetu. Ukiketi mgahawani ukaagiza kahawa, utaletewa kikombe cha maji ya moto na kopo la Africafe lililotoka Bukoba. Sina ugomvi na Africafe. Ni kahawa ya wakulima wa Kitanzania. Ila ni ajabu kwamba mtu wa Mwandiga anaweza kuishi miaka bila kuonja kahawa ya jirani yake wa Kalinzi ikiwa imekaangwa na kutwangwa. Sababu haina siri: hakuna anayeiulizia. Mwenye mgahawa hawezi kununua kilo ya buni akisubiri mteja ambaye hajawahi kutamka. Waiulizie watu watano kwa wiki moja, muone kama birika la buni halitakuwa jikoni wiki ya pili.

Basi tuanze mara moja. Unga wa asubuhi hukandwa usiku, na ukishaumuka hakuna ushauri utakaouingia. Mwenye neno alipeleke jioni, baada ya wateja kupungua na kabla unga haujapimwa. Na mwenye jina daftarini aende na chochote alichonacho, hata kama si deni zima, akilipe kwanza, ndipo aseme habari ya mafuta.