Mlee yatima, usimpokonye baba yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa yatima akalelewa na babu yake, kisha na ami yake.

Ndugu Waislamu, vijana wa darsa yetu ya Ipogolo walitusimulia, huku wakicheka, filamu moja ya Kimarekani ya mwaka 1996 iitwayo Flirting with Disaster. Mtu aliyelelewa na wazazi wasiomzaa amepata mtoto, naye anashindwa hata kumpa jina mpaka awajue waliomzaa yeye. Anafunga safari ya kuwatafuta, na kwa kosa la kumbukumbu anapelekwa kwa mama asiye wake. Filamu hiyo ina mambo yasiyofaa kutazamwa na familia, wala hatuisifu. Lakini swali lake si la mzaha.

Sisi tulikutana na swali hilo mahali pasipo kicheko. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kufungisha nikaha hapa bondeni, karibu na mto Ruaha Mdogo. Wageni wameketi, mahari yametajwa, mara bibi mmoja akatunong'oneza kuwa huyo anayesimama kama walii siye aliyemzaa binti. Alimchukua akiwa mchanga, wazazi wake walipofariki. Nikaha ikasimama. Siku ya harusi yake, binti akajua jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilijua. Kumbe ami yake alikuwa hai, Mufindi. Alifika kesho yake, na kwa hekima akamwakilisha yule yule mlezi amuozeshe. Ndoa ilisihi, lakini machozi ya binti yule hatujayasahau.

Jambo hili linatuhusu sana watu wa Iringa. Ukimwi uliacha mayatima wengi katika mkoa huu, na jamaa na majirani wakawapokea. Wema huo ni ibada. Mtume (S.A.W.) alionyesha vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, kubainisha jinsi mlezi wa yatima atakavyokuwa karibu naye Peponi.

Hata hivyo, wema huo umewekewa mpaka. Zayd bin Haritha (R.A.) aliporwa utotoni akauzwa, hatimaye akafika nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Baba yake alipomfuata, Zayd alichagua kubaki, na watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Kisha zikateremka aya za Suratul Ahzab, ya 4 na ya 5, zikaamrisha watoto wa kulea wanasibishwe na baba zao. Na wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Zayd akarejea kuwa bin Haritha. Je, alipungukiwa mapenzi? La! Mtume (S.A.W.) aliendelea kumpenda, akamkabidhi uongozi wa majeshi, mpaka akafa shahidi Mu'ta mwaka wa 8 Hijria.

Basi kilichokatazwa ni uongo wa nasaba, wala si mapenzi. Nasaba ikifichwa, ndugu wa damu wanaweza kuoana bila kujua, na mirathi ikaenda kwa asiyestahiki. Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake.

Enyi walezi, mwambieni mtoto ukweli mapema, kwa upole, kabla hajaambiwa na mtaa. Hifadhini majina ya wazazi wake, ukoo na kijiji chao. Msiandikishe jina la mlezi mahali pa baba katika cheti cha kuzaliwa. Hatorithi kwenu kwa nasaba, lakini mlango wa hiba u wazi mngali hai, na wa wasia usiozidi theluthi. Na mama akimnyonyesha mara tano kamili kabla hajatimiza miaka miwili, kwa madhehebu ya Shafii anakuwa mwanawe wa kunyonya, na uharamu wa kuoana unathibiti.

Mtoto ni amana, na jina la baba yake ni sehemu ya amana hiyo. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuirejesha ikiwa kamili.

Wabillahi tawfiq.