Haki ya Aliyefikwa na Maafa

Ndugu wanachama, fidia ya Serikali kwa mkulima aliyefikwa na maafa si sadaka, ni haki; lakini haki hupotea njiani mgawaji akikosa insafu. Tutazame Marekani. Huko wakulima weusi wengi walilalamika kuwa maofisa wa wilaya zao huwanyima mikopo na fidia za ukame na mafuriko kwa rangi yao. Mwaka 1997 walishtaki, na 1999 Serikali ikakubali sulhu. Maelfu wakalipwa dola 50,000 kila mmoja. Lakini fedha haikurejesha mashamba yaliyokwisha kunadiwa.

Basi nasi twadai: orodha ya wapewao ibandikwe hadharani, wala pasiulizwe kadi ya chama. Mafuriko hayachagui, na mgawaji asichague.